Mazishi ya Rekodi ya Njia Panda FC

Ndugu wananchi wa Makambako, wa Njombe mjini na wa vitongoji vyote, kwa mamlaka niliyonayo kama Mwenyekiti wa Njia Panda FC, natangaza rasmi kwamba Jumamosi ile hatukufungwa. Tulipatwa na matokeo. Wenzetu wa Mawengi walijipatia mabao matatu, sisi tukajipatia moja, halafu mwamuzi akapuliza filimbi kabla mazungumzo hayajakamilika.

Nalieleza jambo hili kwa utulivu kwa sababu mtaani yamesemwa mengi, na mengine yamesemwa mbele ya mke wangu.

Msimu uliopita timu yetu ilishuka daraja. Nikajitolea kuisuka upya. Wazee waliokuwa wakicheza huku wameshika viuno nikawapumzisha, nikaokota vijana Mjimwema na Ilembula, nikamleta kocha mpya, Kasimiri, mwalimu wa shule ya msingi, kijana mpole ambaye hata akigomba anasema samahani. Basi msimu ukaanza, tukashinda, tukatoka sare, tukashinda tena. Kila tuliposhinda nilieleza kwa unyenyekevu kwamba hayo ni matunda ya uongozi wangu. Redioni nilisema, "Rekodi hii ya kutofungwa ni mtoto wangu wa kumzaa." Sentensi hiyo naomba muiache ilivyo. Wapo walioitunza mno.

Halafu ndiyo ikaja Jumamosi. Tulicheza Njombe, kwenye ukungu, na mgeni rasmi alikuwa jukwaani. Hadi mapumziko tunaongoza moja bila. Kipindi cha pili kulitokea masuala ya kiufundi ambayo si lazima kuyachambua hapa.

Mashabiki walilipokea jambo hili bila mwongozo wowote, kila mtu na lake. Tausi, mama ntilie wa stendi, alipika maharage bila chumvi, na mteja alipolalamika akamwambia, "Leo unataka ladha ya nini?" Abdulsalam, dereva wa fuso, ambaye alikuwa ameandikisha HATUFUNGIKI nyuma ya gari lake, aliliegesha kinyumenyume ukutani na akakataa kulitoa, viazi vya watu vikiwa ndani. Kuna bwana mmoja alikwenda hospitali kuomba alazwe. Muuguzi akamsikiliza, akampa pole, akamwambia arudi nyumbani akanywe uji. Bodaboda wote wakachomeka matawi ya msiba kwenye vioo vya pikipiki, wakaendesha taratibu, jambo ambalo askari wa usalama barabarani wamelitafuta kwa miaka bila mafanikio.

Nikaitisha kikao cha dharura. Nilikuwa na tatizo, na sioni haya kulitaja: lawama ilikuwa inazunguka mji mzima ikitafuta pa kutua, na uchaguzi wa klabu ulikuwa karibu. Ilifaa itue kwa Kasimiri. Lakini kumfukuza kocha ambaye ndiyo kwanza amepoteza mechi ya kwanza, mashabiki wangenila mbichi. Walikuwa wanampenda, sijui kwa nini.

"Mwenyekiti," akasema Ussi, mwakilishi wa bodaboda, macho mekundu, "usitupe maneno ya kitaalamu. Hapa pana msiba."

Hapo ndipo lilipoingia wazo. Nikagonga meza. "Kama ni msiba, uwe msiba rasmi. Uwe na kamati, turubai, wasifu wa marehemu na mgeni rasmi. Huzuni ya rejareja marufuku."

Telesia, katibu wetu, akainua kalamu. "Marehemu ni nani, Mwenyekiti?"

"Timu," akasema Ussi.

"Timu ni hai, inasukwa."

"Basi mpira."

"Mpira uko stoo, nimeuona asubuhi."

Tulijadiliana mpaka chai ikapoa, tukafikia azimio kwamba marehemu ni Rekodi ya Kutofungwa, aliyefariki ghafla akiwa na afya njema. Azikwe nyuma ya goli la uwanja wetu wa Makambako, katika jeneza la mbao za paini. Kisha nikapitisha taratibu mbili za msiba. Ya kwanza: mfiwa mkuu, kwa kuheshimu majonzi yake, asikanyage uwanja wala ofisi hadi matanga yaanuliwe. Ya pili: wa kuanua matanga ni kiongozi aliyeko ofisini, pale atakapoona huzuni imetosha.

"Na mfiwa mkuu ni nani?" Telesia akauliza.

"Kocha Kasimiri, maskini," nikasema, sauti ikitetemeka vizuri. "Aliishi na marehemu kila siku mazoezini."

Wakatikisa vichwa kwa huruma. Hakuna aliyeng'amua kwamba nilikuwa nimemfukuza mtu kazi kwa kumpa pole. Binafsi nilijipongeza. Usiku huo nilikula vizuri.

Siku ya mazishi kulikuwa na baridi ile ya kwetu, ya kuingia kwenye mifupa bila hodi. Watu walijaa. Kina mama walikuja na vitenge viunoni, wakakaa chini, na ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ukatolewa kwa matumizi ya kiofisi. Mgeni rasmi, yule yule wa Jumamosi, akafika na waandishi wenye kamera. Kasimiri alikuwa mbele, kwenye kiti cha mfiwa mkuu, amefunikwa blanketi jipya la kamati, anatazama goli lake kana kwamba hatalifikia tena.

Sasa, kiti cha mfiwa mkuu kilikuwa kimepangwa bega kwa bega na mgeni rasmi. Kamera zote zilielekea pale. Mimi, mwenye klabu, nilikuwa nimepangiwa nyuma, jirani na jiko la maharage. Kwa kuzingatia itifaki nikamwendea Kasimiri.

"Mwalimu, hebu sogea kidogo, moshi unakuumiza macho."

"Hapa hakuna moshi, Mwenyekiti."

"Utakuja. Nenda kule nyuma."

Akasema samahani, akasogea. Nikakaa. Nikajifunika blanketi, maana pasipo blanketi picha isingeeleweka. Mgeni rasmi akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, mfiwa." Kamera zikapiga. Nikatoa chozi, la kweli kabisa, kutokana na baridi.

Katika kupanga yote hayo nilisahau jambo moja tu dogo. Ukitangaza msiba mbele ya Wabena, umewafungulia mlango Wangoni. Ni watani wetu. Msibani mtani haalikwi na hazuiliwi: atamwiga marehemu, ataingia kaburini, atakusema wewe na ukoo wako, na ukikasirika aibu ni yako. Na pale Makambako Wangoni ni wengi, wanashuka na mabasi ya Songea.

"Kamwene!" salamu ya Kibena ikapasua turubai. "Mmefiwa na hamtuiti?"

Alikuwa Anifa, muuza dagaa wa Nyasa pale sokoni, na kundi lake nyuma. Kavaa koti la suti kama langu, kaweka mto tumboni, jambo ambalo halikuwa la lazima. Anatembea mikono nyuma, kidevu juu. Kina mama walianza kucheka kabla hajafungua mdomo. Nami nikacheka kidogo, kiuongozi.

"Historia fupi ya marehemu," akatangaza. "Marehemu aliuawa chumba cha kubadilishia nguo, wakati wa mapumziko. Ussi, mtani wangu, simama, wewe ndiye Kocha."

Ussi akasimama, akainamisha kichwa, akasema samahani. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Anifa akapanua kifua. "Vijana! Mgeni rasmi haoni kitu! Ukungu umefunika upande wa kule, na mtu mzito ametoka mbali kuja kuona uongozi wangu. Kuanzia sasa mpira wote uchezwe upande wa jukwaa kuu. Mabeki, mawinga, wote huku!"

"Samahani, Mwenyekiti," akasema Ussi, "na upande ule mwingine atalinda nani?"

"Ukungu utalinda!"

Jamani. Niliona watu wakianguka. Mzee mmoja alikohoa mpaka akapigwa mgongo. Wachezaji wangu, niliowasuka kwa mikono yangu, walikuwa wamekumbatiana wanalia kwa kicheko, na kipa Aron alikuwa amepiga magoti. Mimi nilikuwa nimevaa tabasamu, na naapa hakuna kazi ngumu kama kulibeba tabasamu lisilo lako.

Mgeni rasmi alifuta macho. "Kumbe ndiyo maana! Nilikuwa najiuliza kwa nini wachezaji wote wamejazana mbele yangu kama wanaomba kazi."

"Mheshimiwa, ulikuwa mkakati," nikasema.

Lakini Anifa alikwishafika kaburini. Akakunja koti, akaruka ndani, akalala chali na mto wake. "Sitoki."

"Mtani, toka, tunazika," nikamwambia. "Utapewa jogoo."

"Jogoo mpeni Aron, ndiye aliyekuwa kazini peke yake upande wa kule. Mimi natafuta mfiwa mkuu, nisije nikampa pole asiyehusika. Ni nani?"

"Kocha," nikasema haraka.

"Haya, na blanketi kavaa nani?"

"Mwenyekiti!" watu wakaitikia.

"Na pole ya mgeni rasmi kapokea nani?"

"Mwenyekiti!"

"Na nani alisema redioni kwamba marehemu ni mtoto wake wa kumzaa?"

Hapo mpaka mke wangu aliitikia. Nilimsikia.

Mgeni rasmi akauliza taratibu za msiba zinasemaje. Telesia akazisoma kwa sauti nzuri ya kikatibu, hakuruka neno: mfiwa mkuu asikanyage uwanja wala ofisi hadi matanga yaanuliwe.

"Kazitunga nani?"

"Mwenyekiti mwenyewe, Mheshimiwa. Kwa huruma."

"Basi zifuatwe," akasema mgeni rasmi, akinipigapiga begani. "Mfano mzuri wa uongozi utakuwa huo. Kapumzike, mzazi. Kocha arudi kwa vijana wake. Na ofisi atakaimu nani?"

Kutoka shimoni ikaja sauti, "Nikipewa mimi, natoka."

Mgeni rasmi alitazama mawingu, akatazama viatu vyake vilivyoanza kulowa umande. "Kaimu wewe, bibie, tuondoke kwenye baridi hii."

Nikafungua mdomo kupinga. Watu mia kadhaa wakanitazama kuona kama nitakasirika mbele ya mtani. Nikaufunga. Anifa akatolewa kaburini kwa vigelegele, Rekodi ikaingizwa, na koleo la kwanza la udongo nilipewa mimi, kama mzazi.

Tangu siku hiyo Kasimiri anafundisha na vijana wanacheza upande wowote wanaoutaka. Wakati wa mapumziko Kaimu Mwenyekiti huingia chumbani na birika la chai ya tangawizi, anamimina, anatoka bila kusema lolote. Mimi sikanyagi uwanja. Natazama mechi kutoka nje ya ukuta, juu ya fuso la Abdulsalam, nikiwa nimesimama kati ya magunia na mashabiki ambao zamani walikuwa wakinipisha. Tulipowarudia Mawengi tukawapiga nne, nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika, Ussi akanikumbatia, halafu nikakumbuka kwamba ushindi ule haukuwa wangu. Niliumia, sikatai. Niliumia sana.

Wiki iliyopita nilivaa suti, nikaenda hadi mlango wa ofisi, nikasimama nje kama taratibu zinavyotaka. Nikaomba matanga yaanuliwe. Nikaeleza kwamba timu inashinda, bodaboda wameshaondoa matawi, maharage ya Tausi yana chumvi, na hata mimi mfiwa nimepoa kabisa.

Kaimu Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho. Akanifungia dagaa kidogo wa kupeleka nyumbani, akanipa pole kwa mikono miwili, akaniambia kwamba kwa upande wake bado ana huzuni.