Saa Yangu ya Kijapani na Beberu wa Mutanu

Jumamosi, 2 Agosti

Nimenunua! Saa ya Kijapani, mashine tupu, haina betri. Sasa Mwingi nzima itajua mtu ni nani.

Waithaka, yule muuza saa wa kando ya barabara ya Garissa, alinipangia tatu juu ya kitambaa. Ya kwanza Seiko Five, mkanda wa turubai, namba kubwa kama za ubao wa shule. Bei nafuu. Nikamwambia hiyo ni ya watu wa jembe. Ya pili Orient ya wazamiaji, nzito, ina pete ya kuzungusha na haiogopi maji. Bei ya katikati. Nikamuuliza hapa Kitui mtu atazamia wapi. Ya tatu Seiko Presage, ya suti: uso mweupe kama maziwa, mishale myembamba, na mgongoni kuna kioo cha kuchungulia magurudumu yakifanya kazi. Ghali kuliko zote. Hiyo ndiyo mimi!

Akaanza kueleza kwamba ya bei ya chini na ya bei ya juu zote hujitia ufunguo zenyewe mkono unapotembea. Sikusikiliza sana. Nilikuwa najitazama kwenye kioo cha dirisha lake.

Jumapili, 3 Agosti

Kanisani nimeinua mkono kila wimbo, hata ule ambao haukuhitaji mikono. Jirani yangu Ndolo aliona. Yeye ana ile Seiko Five ya turubai, na huivaa hata akichimba matuta shambani. Ina udongo! Mtu hana haya.

Pasta Nthiwa ametangaza. Wiki mbili zijazo kanisa linatimiza miaka hamsini, askofu anakuja, na Mzee Nzuki, anayegonga kengele muda wa msemaji ukiisha, macho yamemshinda. Anatakiwa mtunza saa mpya. Anaketi meza ya mbele na wageni. Akigonga kengele, hata askofu anakaa chini! Jina langu likatajwa. Likatajwa na la Ndolo. Pasta akasema Jumapili ijayo atazilinganisha saa zetu na redio, na iliyo sawa ndiyo itapewa kengele.

Naitaka kengele ile kuliko kitu chochote. Nikiikosa ichukuliwe na yeyote, lakini si Ndolo.

Jumatano, 6 Agosti

Imesimama! Na niliitunza kwa heshima zote, ndani ya soksi mpya, ndani ya sanduku, kwa sababu saa ya hadhi hii haivaliwi siku za kazi. Nikaenda kwa Waithaka nimefura. Akaitingisha kidogo, ikaamka, akaiweka sawa na redio. Akasema haina ugonjwa wowote, inataka mkono unaotembea. Na kama hiyo inanishinda, nizungushe kile kidude cha pembeni kila asubuhi.

Nizungushe! Kama mtu anayetafuta stesheni ya redio! Kwa bei ile niliyolipa!

Nimejaribu kuivaa kazini. Lakini mimi ni dalali wa mashamba. Kazi yangu ni kukaa kwenye kiti na kungoja wateja, na dalali anayejiheshimu hapungi mikono ovyo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepata! Mke wangu Mutanu ana beberu mweupe ambaye hajatulia tangu azaliwe. Anapanda ukuta wa choo. Anapigana na miti. Nimeikunja saa ndani ya kitambaa chekundu na kumfungia shingoni. Mutanu akauliza ni nini. Nikasema ni dawa ya kupe. Akaridhika.

Akili kama hii wengine wanaenda ng'ambo kuisomea.

Jumapili, 10 Agosti

Saa yangu na redio, pamoja kabisa! Ya Ndolo ilikuwa mbele, maana huitanguliza makusudi asichelewe shambani. Pasta akanikabidhi kengele. Mama mmoja akasema anasikia harufu ya beberu upande wetu. Nikageuka nikamtazama Ndolo.

Furaha ikanizidi. Nikasimama nikaahidi mbele ya kanisa lote kwamba nyumba yangu italeta kwenye mnada wa sherehe mbuzi mnono kuliko wote. Makofi! Mutanu akanikanyaga mguu. Nikamwambia achague mbuzi mwenyewe, mimi sasa nina majukumu.

Jumamosi, 16 Agosti

Kengele nimeisugua kwa majivu mpaka najiona ndani yake. Suti imepigwa pasi. Saa iko kwa beberu, inajaa. Nitaitoa kesho nikitoka kwa kinyozi.

Jumapili, 17 Agosti

Wui!

Nimetoka kwa kinyozi, zizini hakuna beberu. Mutanu aliondoka mapema na akina mama, na mbuzi mnono kuliko wote. Mbio mpaka kanisani, na suti yangu. Nikamwona beberu amefungwa nyuma ya hema. Kabla sijamfikia, Pasta akanishika mkono na kunipeleka meza ya mbele.

Nikavuta mkono wa koti ukafika vidoleni. Kengele nikaipiga kwa kukisia. Mwenyekiti wa akina mama alikuwa bado anasalimu, nikamgongea. Kwaya nikaiacha ikaimba mpaka ikaishiwa nyimbo. Askofu nikamgongea akiwa anafungua Biblia. Akakaa! Hata katika shida ile nilijisikia mkubwa.

Kisha mnada. Beberu akaletwa na kitambaa chake chekundu, Mutanu amekiongezea maua. Nikanyoosha mkono kumnunua. Ndolo hakuwa na haja yoyote na mbuzi, lakini alipoona namtaka, naye akanyoosha. Nikapandisha bei, akapandisha. Mimi nikaishiwa. Yeye hakuishiwa.

Akafungua kitambaa. Akainua saa yangu juu, kanisa lote lione, na kuniuliza, "Baba Gedion, hii si ile saa yako?" Mutanu akajibu kabla yangu, kwa sauti, kwamba hapana, hiyo ni dawa ya kupe.

Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje ya hema. Ndolo akanirudishia, akasema yeye amenunua mbuzi, hakununua saa. Pasta akaichukua kengele mezani pangu na kumpa Ndolo. Iliniuma sana. Bado inauma.

Lakini niandike na hili: askofu aliilinganisha saa yangu na simu yake. Sawasawa! Akasema ni saa nzuri mno. Ya Ndolo hata hakuitazama.

Jumatano, 20 Agosti

Mutanu haongei nami, ila kuuliza kama kupe wamepungua. Waithaka amepiga simu kunikumbusha habari za kidude cha pembeni. Nimekata.

Nimefikiri sana na kosa nimeliona. Kosa ni mbuzi! Mbuzi ni mnyama wa kuuzwa. Lakini punda je? Nani amewahi kupeleka punda kwenye mnada wa kanisa? Na punda wetu anatembea kutwa. Jana jioni niliishona saa ndani ya gunia lake la mgongoni.

Asubuhi hii amekuja Ndolo, mpole kabisa, kumwazima punda wiki nzima akasombe mawe ya matuta yake mapya kule Nuu. Nimempa mara moja, na gunia lake mgongoni, hata hakumaliza kuomba. Nimemsindikiza mpaka njiani na kumwambia asimwonee huruma, amtembeze tu. Wiki nzima Ndolo atanitilia saa yangu ufunguo, bure, na hatajua!