Sahani ya Mwisho ya Mzee Feruzi

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Valéry alikuwa akiiosha Karina yake nyeupe mbele ya chumba alichopanga Kanyosha. Alianzia kwenye vioo, akashuka kwenye milango, akamalizia kwa kuipiga boneti kofi dogo la upendo, kama mtu anayempongeza ng'ombe wake. Ilioshwa zaidi kuliko ilivyoendeshwa, kwa kuwa mafuta yalikuwa adimu mjini na magari yalikuwa yakilala kwenye foleni za vituo. Lakini mtu mwenye gari lililosimama bado ni mtu mwenye gari, na mtu mwenye gari huitwa patron. Bila Karina, Valéry alikuwa kijana wa Ruziba mwenye maneno mengi na mashati machache. Aliinunua kwa jasho, ingawa si jasho lake.

Siku hiyo alikuwa amefika kwenye mlango wa kushoto simu ilipolia.

"Mwanangu Valéry," ilisema sauti ya mwanamke mzee. "Ni mi, Mama Saliha wa Buyenzi. Nimeona sahani ingine ya santuri ya muzee. Ilikuwa chini ya kitanda. Imeandikwa, ngoja nisome, Chozi la Ruziba."

Valéry aliketi juu ya ndoo ya maji, maji yakiwa bado ndani. Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa habari njema tu. Kwake ilikuwa muujiza wenye kutisha kidogo, kwa sababu hakuna aliyejua vizuri kuliko yeye kwamba wimbo uitwao Chozi la Ruziba haukuwahi kuimbwa na mtu yeyote. Aliutunga mwenyewe, tena jina peke yake, akiwa ameshika bia ya mtu mwingine.

Hapa ni lazima tuieleze kazi ya bwana huyu, kwa heshima yote inayostahili, ambayo si nyingi.

Kuna ugonjwa unaowapata watu wa Bujumbura waliomaliza kujenga. Nyumba imekamilika, ukuta umepanda, watoto wako Ulaya, na mwenye nyumba anabaki sebuleni hajui afanye nini na ukubwa wake. Melchior, mkurugenzi mstaafu, aliupata ugonjwa huo akaanza kukusanya sahani za santuri, zile nyeusi nzito za miaka ya hamsini na nne, hamsini na tano, hamsini na sita. Hakutaka nyimbo ambazo watu wanazikumbuka. Alitaka zile zilizochezwa msimu mmoja katika dansi za Usumbura, kama mji ulivyoitwa enzi hizo, kisha mwimbaji akarudi kwenye cherehani yake na dunia ikamsahau. Wimbo uliokumbukwa na watu wawili, kwake, ulikuwa umeshachuja. Akaambukizwa Arnaud, muuza saruji, kwa sababu hakuweza kuvumilia Melchior awe na kitu asichokuwa nacho. Akaambukizwa Daphrose, mwenye maduka ya dawa, kwa sababu hiyo hiyo. Wakajiita Serkle.

Serkle ilikutana kila Jumapili baada ya misa. Walivaa glovu nyeupe, wakapokezana sahani, wakainusa, wakafumba macho, wakashusha pumzi. Jambo moja hawakulifanya kamwe: hawakuzicheza. Valéry, aliyejulikana kwao kama Monsieur l'Expert, ndiye aliyewafundisha.

"Sindano inakula sahani," aliwaambia. "Kila mara munasikiliza, munaiua. Ulaya, mutu wa maana asikilizi. Anahifadhi."

Walimshukuru sana kwa elimu hiyo. Nayo iliwakinga na huzuni kubwa, maana katika hazina yao mlikuwa na mahubiri matatu na hotuba moja juu ya kilimo cha kahawa, zote zikiwa na karatasi mpya katikati, zilizolowekwa na Valéry kwenye chai ya rangi mpaka zikazeeka.

Lakini zilikuwepo pia za kweli, na hizo zilitoka kwa Mama Saliha. Mumewe, marehemu Mzee Feruzi, alikuwa ameimba ujanani. Alirekodi sahani chache, zikapendwa mwaka mmoja, akarudi kurekebisha baiskeli. Valéry alipofika Buyenzi kuziona, mama huyo aliizungusha gramafoni akamwekea moja baada ya nyingine. Valéry alisikiliza mpaka mwisho na uso wa mtu aliyeletewa samaki wa ndagala waliochacha.

"Mama, nisikufiche," alisema. "Muzee alikuwa na sauti ya mbuzi. Ndiyo maana watu walimusahau. Hizi nazichukua kwa huruma tu, kuna mutu anazitumia kutengeneza saa za ukutani."

Akamwachia mfuko wa mchele na chupa ya chai. Kwa sahani zile akapata Karina.

Zilipokwisha, alikwenda kwa Melchior akamnong'oneza kwamba ipo nyingine ya Feruzi, ya mwisho, nzuri kuliko zote, na imebaki nakala moja tu duniani. Wimbo gani? Valéry alitazama dirishani, akakumbuka kwao, akasema, "Chozi la Ruziba." Alipanga kuitengeneza mwenyewe polepole, bei ikipanda. Wiki iliyofuata Melchior alikuwa ameshaanza kukumbuka kwamba mama yake alimbembeleza kwa wimbo huo. Arnaud alikumbuka baba yake akiucheza. Daphrose alijua hata ubeti wa pili, ila hakutaka kuuimba kwa sababu ya mafua.

Na sasa mjane wa Feruzi anasema anayo.

Njiani kuelekea Buyenzi, huku akiendesha polepole ili asimalize mafuta, Valéry alijadiliana na nafsi yake. Ikiwa sahani ni ya uongo, Melchior atainunua. Ikiwa ni ya kweli, Melchior atainunua. Hakuona shimo popote katika hesabu hiyo. Tena, nani anajua? Labda bibi yake aliwahi kuuimba kule Ruziba akipalilia mihogo. Labda yeye hakutunga, alikumbuka tu. Mwongo akishaanza kujitilia shaka kwamba ni mkweli, hapo tumwombee.

Mama Saliha alimpokea uani, kati ya magari yaliyofunguliwa matumbo, kwa kuwa mwanawe Swedi alikuwa fundi na ua wote ulikuwa gereji. Sahani ilikuwa imefungwa katika mtandio. Karatasi ya katikati ilikuwa imezeeka vizuri, rangi ya chai.

"Tuisikilize basi, mama."

"Mwanangu, na sindano? Nasikia inakula."

Ni vigumu kubishana na hekima uliyoitengeneza mwenyewe.

"Lakini naweza kukuimbia," alisema Mama Saliha, na akaimba. Sauti yake ilikuwa nyembamba, imechakaa pembeni, lakini wimbo ulikwenda taratibu kama mtu anayerudi nyumbani bila haraka. Swedi aliacha kugonga. Valéry alihisi nywele za mikono zikisimama, na katika dakika hiyo aliamini kabisa.

"Unataka nini?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imekwisha kupoteza ujanja.

"Pesa sitaki, zinaoza mukononi. Nipe kitu." Mama alitazama getini. "Ile gari yako ni safi sana."

Valéry aliacha funguo na makaratasi ya gari, akaondoka kwa miguu, sahani kifuani kama mtoto mchanga. Kwa Melchior angepata magari mawili.

Jumapili, sebuleni kwa Melchior, glovu zilivaliwa. Valéry alikohoa ili aanze. Melchior naye alikohoa.

"Samahani, Monsieur l'Expert. Kabla hujasema, leo niko na surprise."

"Ata mi," alisema Arnaud.

"Tiens," alisema Daphrose, mkono ukiwa tayari ndani ya mkoba.

Melchior alitoa kitu kilichofungwa katika mtandio. Arnaud alitoa kitu kilichofungwa katika mtandio. Daphrose pia. Valéry hakutaka kutoa chake, lakini ncha ya mtandio ilikuwa ikichungulia kwenye koti na wote waliiona. Meza ikabeba nakala nne za sahani iliyobaki moja duniani.

"Yangu ndiyo ya kweli," alisema Arnaud.

"Apana, we ulichelewa kila kitu tangu shule," alisema Melchior. "Mi nilimupa yule mama friji yangu. Friji mpya."

"Nami saruji, lori nzima."

"Panneau zangu za umeme wa jua," alisema Daphrose, akakaa.

Wakamgeukia mtaalamu. Mtaalamu alisema kwamba suala hili lina pande nyingi. Wakamkamata kila mmoja upande wake, wakamtia katika jipi ya Melchior, ambayo haikosi mafuta kwa sababu Melchior hakosi marafiki, wakateremka Buyenzi.

Mama Saliha alikuwa ameketi juu ya mifuko ya saruji, akinywa maji baridi kutoka kwenye friji iliyokuwa ikinguruma nyuma yake. Katikati ya uwanja ilisimama Karina, boneti juu. Swedi alikuwa na spana mkononi, na getini walisubiri wanunuzi wa vipuri, wakimya kama watu wa msibani, kila mmoja akitazama kiungo chake.

"Karibuni," alisema mama. "Nilijua mutakuja pamoja. Zile ni sahani za kufundisha Kifaransa, Mugiriki mumoja alituachia zamani. Karatasi nilichapisha pale dukani kwa kompyuta. Huyu Melchior alikuja hapa kuniuliza Chozi la Ruziba, na mi nilipikia bwana yangu maisha yote, najua kila wimbo aliimba. Ule hakuna. Ule niliimbia Valéry, niliutunga mi. Ndiyo nikajua sahani zake ziliuzwa kama dhahabu. Basi. Anayetaka kitu chake, akichukue. Aseme tu mbele ya wenzake kwamba wimbo ule hajawahi kuusikia."

Melchior alimtazama Arnaud, Arnaud akamtazama Daphrose.

"Vraiment, mi niliimbiwa na mama," alisema Melchior hatimaye, akaitazama friji yake kwa mara ya mwisho.

"Baba aliucheza," alisema Arnaud.

Daphrose alisema mafua yamerudi. Hakuna aliyekwenda popote, lakini hakuna aliyedai tena. Tuwaheshimu: ni watu wachache duniani wanaoweza kulipa lori la saruji ili wasionekane wajinga, na bado wakaonekana.

"Na we, Valéry?" aliuliza mama. "Wewe nakuuliza ingine. Siku ile nilikuwekea sahani za muzee. Ulisema nini juu ya sauti yake? Useme tena hapa. Ukisema ukweli, Swedi anaacha."

Swedi aliweka spana kwenye kioo cha pembeni.

"Mama yangu mupenzi," alianza Valéry, akitabasamu, "mambo ya sauti ni mambo ya ladha. Mutu anapenda hii, mwingine anapenda ile..."

Kioo kiling'oka. Mtu wa getini alikipokea akaondoka nacho.

"Nilichosema wakati ule, mama, nilisema katika hali ya soko. Soko nalo..."

Taa ya mbele, ya kulia. Kisha ya kushoto.

"Tukae chini tuzungumze kama jamaa. We ni mama yangu, Swedi ni kaka yangu, na kaka hawezi..."

Kaka alitoa mlango wa dereva, ule ule wa kushoto. Ulipita mbele ya Valéry ukimeremeta, kama alivyouosha mwenyewe, akauona uso wake ndani yake.

"Haya! Nilidanganya," alisema. "Wimbo hakuna. Niliutunga mimi pale kwa Melchior. Na zile ingine munazo, tatu ni mahubiri, moja ni kahawa."

Nyuma yake Melchior alitoa sauti ya mtu aliyekanyagwa.

"Hayo ni yao," alisema Mama Saliha. "Sikukuuliza hayo."

Viti vilikuwa vikitoka sasa, vyote pamoja. Mtu mmoja alishika usukani kwa mikono miwili akaanza kuupima na macho. Valéry alimtazama mtu yule, akamtazama mama. Mama huyu hakuwa amekasirika. Alikuwa anasubiri, glasi ikiwa imetulia juu ya goti, kama anavyosubiri mtu ambaye ameambiwa jambo baya juu ya marehemu wake na hajalala vizuri tangu siku hiyo. Valéry alitafuta maneno yake mazuri, akayakuta yamekwenda na vioo.

"Usiache, Swedi, chukua tu," alisema polepole. "Mama, alikuwa anajua kuimba. Ile ya pili uliniwekea, nilitaka kukuomba uirudie, nikaogopa utajua bei yake. Sijasikia sauti nzuri kama ile tangu nizaliwe. Nilisema mbuzi ili unipe."