Paa Moja na Mama Mkwe

Jumatano, 9 Julai
Kikuubo. Nimejiandikisha kupanda mlima Rwenzori. Mimi Okinyi, muuza gambuti, mabuti ya mpira, hapa sokoni, ninayepumzika mara mbili kwenye ngazi za duka langu mwenyewe. Sababu ni Apio. Nataka kumwoa mpaka chakula hakinipiti. Neno la mwisho analo mama yake, Inspekta Lamwaka, polisi mstaafu, anayeongoza safari za mlimani za kundi la kanisa. Hataki mkwe legelege. Mpango: nimbebee mzigo, nimsifu, tukishuka aseme ndiyo. Apio amenisihi nipunguze mdomo tu.

Tatizo ni Jasper, mwalimu wa mazoezi ya jimu. Naye anamtaka Apio, naye amejiandikisha. Mikono yake kama magogo.

Ijumaa, 11 Julai
Mlimani. Tope hadi magotini. Nilimbebea Inspekta begi mpaka kilima cha kwanza. Kuanzia hapo alibeba lake na langu. Jasper alipanda akiimba.

Jioni tukafika kibandani. Mbao tupu, chumba kimoja, vitanda vya ghorofa vimebanana, watu wote humohumo. Nikasimama mlangoni, miguu ikakataa. Mimi Mjaluo, Inspekta Mwacholi. Kwetu na kwao, mkwe halali paa moja na mama mkwe. Nikiingia, nimejifuta mwenyewe. Nikibaki nje, nitaganda. Jasper, mtu wa kaskazini kabisa, kwa kina Inspekta, alikuwa ameshajifunika, anakoroma. Jimu imemsahaulisha kwao.

Nikatangaza kwa sauti kwamba nalala nje kwa heshima ya mama mkwe. Inspekta akauliza huyu ni mkwe wa nani, ambaye hajatuma hata mjomba mmoja kuposa. Watu wakacheka. Nikachukua blanketi langu nikatoka.

Jumamosi, 12 Julai
Kumbe jiko la wapagazi lina moto! Bienfait, mpagazi kutoka Kongo, alinipa nafasi kati ya gunia la viazi na makaa. Nimelala fofofo. Ndani, nasikia, meno yaligongana mpaka asubuhi. Nimejipaka majivu usoni nionekane nimeganda, nikakohoa kwa huzuni.

Haikusaidia. Inspekta hanisemeshi. Akitaka nimpishe njia, anamwambia Bienfait aniambie. Nikikaribia, anageuza uso. Chai yangu aliiweka juu ya jiwe akaenda zake. Jasper anapigwapigwa bega na kuitwa mwanangu. Basi, nimempoteza Apio. Nimelia kidogo nyuma ya mawe.

Jumapili, 13 Julai
Tumeshuka. Simu ilipopata mtandao nikampigia Apio kumuaga. Nikamweleza yote: uso, jiwe, Bienfait. Alicheka mpaka akaishiwa pumzi. Akauliza tangu lini mama mkwe wa watu wetu akamkodolea mkwe wake macho. Anayekugeuzia uso amekukubali. Anayekuita mwanangu amekufanya mwanawe, na mwana haozwi dada yake. Mama yake ameshampigia, amesema tutume wajomba mwezi ujao.

Nimekaa chini kwenye tope kwa furaha. Sijawahi kufurahi hivi maishani. Jasper alinikuta hapo, akanipa pole.

Jumanne, 15 Julai
Kikuubo. Apio amenieleza kilichomgusa mama yake. Si begi, si sifa. Ni kwamba nilichekwa na sikujibu, nikabeba blanketi nikatoka. Sikumtajia jiko.

Amenikumbusha pia kwamba siku ya posa wanaosema ni wajomba. Anayeoa huinamisha kichwa na kufunga mdomo. Nimemwapia kwa jina la marehemu nyanya yangu.

Mjomba Owino amekubali kusema kwa niaba yangu. Mtu mzuri, lakini mlima huu hajaupanda, atausimuliaje? Kwa hiyo nimeandika hotuba fupi ya kusoma mwenyewe. Niko ukurasa wa tisa na bado hatujafika kibandani. Kipaza sauti nimeshakodi.