Zuhura Ana Sumu

Jamani, leo sura yangu sina pa kuiweka.

Mimi ni mwalimu wa sayansi, na bado ni bibi harusi. Hina haijafutika kwenye kucha. Naishi kwa mkwe wangu, hapa Mji Mkongwe. Namuogopa kuliko mkaguzi. (Hajawahi hata kunifokea. Ananitazama tu, natetemeka.)

Kesho nafundisha rangi za anga kwenye sayari nyingine. Mkwe alipokwenda Darajani kununua samaki, nikaona ndiyo nafasi ya mazoezi. Nikafunga madirisha ya chumbani, nikajaza maji bakuli la kioo, nikatia matone ya maziwa, nikamulika tochi. Ukitazama ubavuni, maji yana ubuluu kama anga letu. Ukitazama upande wa pili, mwanga umekuwa mwekundu kama wa magharibi. Mwanga ni ule ule; rangi inategemea umepita kwenye nini. Nikafurahi peke yangu.

Sasa, sayari mimi huzisema kama watu, watoto wasisinzie. Nikapaza sauti: "Mirihi kajaa vumbi, mchana anga lake kahawia, jua likizama pembeni mwake buluu! Na Zuhura je? Kwa mbali mzuri, ndani ana sumu! Mawingu mazito, anga la manjano, joto la tanuri, hakuna awezaye kukaa naye!"

Nyuma yangu kikapu kikaanguka.

(Mkwe wangu mimi humwita Mama. Jina lake ni Bi Zuhura.)

Alisimama mlangoni, akatazama giza, bakuli, tochi, kisha mimi. Nikajiona nimebeba sanduku langu, narudishwa kwetu.

"Mwanangu," akasema polepole, "nimekukosea nini hata unansomea?"

Nikaapa kwamba simsomei mtu dua mbaya, ni somo la sayari. Akakaa kitandani, akaniamuru nirudie yote mbele yake. Nikarudia. Nilipofika kwa Zuhura nikasema "sayari ya pili".

"Itaje."

"Zuhura, Mama."

"Ana sumu?"

"Naam, Mama."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Na si ndiye ile nyota inayong'aa kushinda zote?"

"Ndiye, Mama. Hakuna wa kumfikia."

"Basi hilo ungelianza nalo."

Akaokota samaki wake, akaenda jikoni. Sasa ananiita nikale, na sijui kama kanisamehe. Nanyi, kabla hamjacheka, kaulizeni kwanza wakwe zenu wanaitwa nani.