Mnara wa Waliofia Ng'ambo

Idara ya Makaburi ya Kijeshi inayo furaha kuutangazia umma kwamba mnara wa kuwakumbuka askari wetu waliofia ng'ambo umekamilika, na kwamba hadi siku ya uzinduzi hakukuwa na askari hata mmoja aliyetimiza masharti ya kuandikwa jina.

Kanuni ni mbili tu, na mimi ndiye niliyeziandika. Jina halichongwi mnarani mpaka mwenyewe awe marehemu kwenye daftari letu. Na hakuna anayeingizwa daftarini kama marehemu mpaka jina lake lichongwe; likichongwa, anaingizwa siku hiyohiyo. Ofisi nyingine zinababaisha. Sisi tumeziba mianya yote.

Bibi mmoja mshona nguo ndiye aliyekuwa mgumu kuelewa. Kila wiki alifika dirishani kwangu kwa ajili ya kaka yake, mpiga tarumbeta wa kikosi, aliyefia nchi za watu na kuzikwa hukohuko. Nilimweleza kwa upole kwamba daftari linaonyesha kaka yake yuko safarini, na amepitiliza ruhusa kwa miaka hamsini na moja. Akasema katika ukoo wao amebaki peke yake, na akiondoka yeye, hakuna atakayejua kwamba kaka yake aliwahi kuzaliwa. Nikampa fomu nyingine.

Siku ya uzinduzi alikuja Mheshimiwa Waziri. Kama ilivyo desturi, jina lake lilichongwa katikati ya mnara kwa herufi za dhahabu. Alikata utepe, akalisoma jina lake mara mbili, akapiga nalo picha. Karani wangu wa daftari, mtu asiyejua mzaha, akaliona jina mnarani na kutekeleza kanuni.

Asubuhi yake mlinzi wa wizara alimzuia Waziri getini. Dereva alishapangiwa bosi mwingine. Mkewe alipokea barua yangu ya rambirambi, akajibu kwa shukrani, upesi kuliko tulivyotarajia.

Waziri akaja dirishani kwangu akihema, akaamuru jina lifutwe. Nilimfahamisha kwamba amri za marehemu hatupokei, na kwamba mnara hauruhusiwi kubaki mtupu. Marehemu hutoka pale tu mwingine anapochukua nafasi yake, kwa ridhaa ya ndugu; katika mabadilishano hayo, ridhaa hiyo hutosha badala ya daftari. Nyuma yake kwenye foleni alisimama yule bibi, mkoba kwapani.

Waziri aligeuka, akapiga magoti sakafuni na suti yake.

"Mama, nakuomba. Mruhusu kaka yako afe."

"Kaka yangu alikufa zamani, mwanangu. Ninyi ndio mlimkatalia."

Akafungua mkoba, akamwekea mapajani fomu zote nilizowahi kumpa.

"Jaza. Kwa herufi kubwa. Ukikosea moja, unaanza upya."

Alianza upya mara nne. Mchongaji alipomaliza kazi, bibi alipitisha kiganja juu ya jina la kaka yake, herufi moja moja, akimsimulia taratibu nani kaoa nani na nani amekufa. Mimi nililia, jambo ambalo halimo katika majukumu ya kazi yangu.

Waziri alishukuru sana, akauliza kama sasa anaweza kurudi ofisini. Nilimpongeza kwa kutoka mnarani. Kurudi miongoni mwa walio hai ni idara nyingine, nayo inamtaka alete barua kutoka kwa waziri.