Jua la Kuazima

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimemaliza! Wiki tisa nimejifungia karakanani, na leo nimekaza skrubu ya mwisho. Nimeuita Jua-Kaa-Nje. Vibao kumi na viwili kwenye fremu ya dirisha, na nta ya mishumaa ndani ya bomba la sindano ya ng'ombe. Jua likichoma, nta inayeyuka, inavimba, inasukuma fimbo, na vibao vinajifunga vyenyewe. Hakuna umeme. Hakuna wa kuvuta kamba. Jua linajifungia mlango lenyewe!

Wazo lilinijia Februari, mwezi wangu wa pili hapa Wamagana, Nyeri, jua liliponichoma shingo ofisini. Mtu wa Kitui anamjua adui wake.

Ijumaa walimu wa chuo chetu cha ufundi tunaonyesha uvumbuzi. Atakayeshinda ndiye mkuu wa karakana. Madam Phyllis, mwalimu mkuu, alitangaza hivyo mbele ya wote. Tuko wawili tu: mimi, na Wahome anayefundisha uchomeleaji. Wahome ameleta nini? Jiko la makaa! Nilicheka mpaka nikakohoa.

Nimempigia mke wangu Keziah huko nyumbani, nikamwambia cheo nimeshapata. Kwa kweli nimekipata, imebaki barua tu.

Jumanne, 15 Julai

Majaribio. Hakuna jua. Ukungu mzito, hata mlingoti wa bendera sikuuona. Nilimuuliza Munene, mlinzi wa lango, jua hutoka saa ngapi. Akaniuliza, kwa heshima kabisa, kama nataka kujua saa au mwezi. "Mwalimu, hii ni Julai. Sisi jua tuliona siku ya Madaraka, Juni mosi." Mtu wa mzaha. Kwetu jua haliendi likizo.

Nilikaa na mtambo nje mpaka saa kumi. Nta ngumu kama jiwe. Nililipulizia bomba pumzi. Nikaliweka kwapani. Kibao kimoja kilitikisika, ingawa huenda ni mimi niliyekuwa nikitetemeka.

Jumatano, 16 Julai

Ukungu.

Keziah amepiga. Amewaambia akina mama wa kanisa! Jumapili wataniombea kama mkuu mpya. Nikamwambia asiharakishe. Akauliza kwani kuna nini. Nikasema hakuna. Nikishindwa Ijumaa, likizo ya Agosti nitaingia lile kanisa na uso gani? Naogopa, na siwezi kumwambia mtu.

Kisha, katikati ya chai, wazo! Jua likikataa kuja, nitalitengeneza. Nilijaribu taa: bure. Nilijaribu pasi: umeme ukapotea. Kinachofaa ni makaa. Moto wa polepole, usio na moshi, unaoweza kufichwa chini ya meza. Chuo kizima kina chombo kimoja tu cha namna hiyo.

Alhamisi, 17 Julai

Nimemwendea Wahome. Nilimwambia ningependa kulichunguza jiko lake, kama mwalimu mwenzake. Mtu mwepesi kudanganywa! Amenipa jiko, amenipa makaa, amenifundisha kuliwasha na kila kilichomo ndani yake. Akasema hata nimemsaidia, maana kesho anampeleka mama yake hospitali na huenda akachelewa. Je, ningembebea jiko mpaka ukumbini? Ningembebea! Nilimhurumia karibu dakika nzima.

Jioni nilifanya jaribio. Dakika nne, na vibao vyote kumi na viwili vikajifunga, pap! Machozi yalinitoka. Akili ni mali.

Ijumaa, 18 Julai

Sitaki kuandika. Naandika.

Baridi ya kukata masikio. Mzee Mathenge, mwenyekiti wa bodi, alikuja na makoti mawili na magoti yake mabovu. Jiko lilikuwa chini ya meza, limefunikwa kitambaa, mbele ya fremu yangu niliyoifunga dirishani. Nikaeleza hatari za jua. Hakuna aliyeandika kitu. Lakini kadiri nilivyoeleza, ukumbi ulipata joto. Madam Phyllis alifungua vifungo vya koti. Mzee Mathenge alisogeza kiti. Akasogeza tena. Nikadhani nimewateka.

Vibao vikajifunga, pap! Hakuna aliyeviona. Mzee Mathenge alikuwa ameinua kitambaa.

"Hii jiko ni ya nani?"

Nikasema hilo si jiko, ni jua. Akasema ana miaka sabini na minne na hajaona jua zuri hivyo tangu Januari. Wote wakalizunguka, mikono mbele. Birika likaletwa. Madam Phyllis akauliza kama linatoa moshi. Mimi ni mwalimu, siwezi kuulizwa swali nikanyamaza. Nikaeleza tundu za hewa, udongo wa ndani, makaa kidogo kwa saa nne. Nilieleza vizuri mno. Kisha akaniomba nifungue vibao, kuna giza, haoni chai yake. Haviwezi kufunguka mpaka nta ipoe. Na kwa joto lile, ingepoa saa ngapi?

Wahome alifika saa tano na kukuta ameshakuwa mkuu wa karakana.

Jumamosi, 19 Julai

Nimemwambia Keziah ukweli. Akasema maombi ya kesho yapo palepale, watabadilisha tu maneno.

Wahome amekuja na gunia la viazi kunishukuru. Anasema yeye mwenyewe asingelieleza jiko lake vizuri vile. Viazi ni vitamu. Hilo limeniuma zaidi.

Jumapili, 20 Julai

Nimetafakari. Mtambo haukuwa na kosa. Kosa ni la Nyeri. Asiyekubali kushindwa si mshindani, nami nimekubali, basi naendelea.

Mvumbuzi awatazame watu wake kwanza. Shida ya watu wa Kitui ni maji. Kwa hiyo: mtambo wa kuvuna mvua, unaojifungua wenyewe tone la kwanza likigonga paa! Nitauonyesha Agosti, nje ya kanisa, mbele ya Keziah na akina mama wote. Mchungaji nimeshampigia, na amekwisha kutangaza.

Munene wa lango ameniuliza kama huko kwetu mvua hunyesha Agosti. Nikamwambia mvua ni jambo dogo. Shemeji yangu Munyao, yule anayeuza matangi ya maji, ana bomba zuri la kunyunyizia maembe dawa. Nitaliazima. Ni mtu mwepesi kudanganywa.