Shule Zote Shwari

Alasiri ile pale barazani mtaa wa Kuze, kahawa ndiyo kwanza yamiminwa, Bassam mshona viatu alianza kutusomea habari kwenye simu. Sisi humwita Redio.

"Sikizeni! Walimu wakuu na maafisa wa elimu wameunda jumuiya ya kujifunza. Wakutana kila mwezi, wafundishane."

"Wafundishane?" Chirau, dereva wa tuktuk, aliruka. Huyo twamwita Honi. "Kwani vyeo walipewa kabla ya kujifunza?"

"Tena hotelini, wallahi! Elimu haiingii kichwani bila sambusa," Redio akaongeza.

"Na kiyoyozi! Watoto wetu sabini darasani, wajipepea kwa madaftari."

Hapo akatokea Crispus, mwalimu mkuu wa shule ya mtaa wetu, atoka mkutanoni huko huko. Akasalimu, akaketi, akashika kikombe asinywe.

"Karibu, mwanafunzi," Redio akamwambia. "Leo mumefundishwa nini? Kushika chaki?"

Crispus hakucheka. "Tuliambiwa kila mtu ataje tatizo la shule yake, tusaidiane. Nikaanza mimi. Nikasema gredi ya sita nina watoto kumi na tisa hawawezi kusoma hata sentensi moja."

Honi akaacha kutafuna kashata. "Na mwanangu Aya?"

"Ni mmoja wao, ndugu yangu. Nisamehe."

Honi akaweka kikombe chini. Redio, kwa kumwonea haya, akauliza upesi, "Wenzio je?"

"Wote kumi na mmoja, kwao shwari. Mmoja alilalamikia rangi ya lango. Afisa wetu wa elimu akanitazama kama niliyetapika kwenye zulia."

"Jumuiya hasa hiyo! Mgonjwa mmoja, madaktari kumi na mmoja," Redio akasema.

"Ngoja. Nilipotoka, nikafuatwa penye magari. Mmoja akaninong'oneza, 'Mimi ninao thelathini.' Akaja wa pili. Wa tatu, yule wa lango, alinishika mkono, machozi yamlenga. Tukakubaliana Jumanne waje shuleni kwangu, tuketi na hao watoto mmoja mmoja, tuone twakosea wapi. Bila afisa."

"Bila afisa kwa nini?" Honi akauliza.

"Mbele yake nani asema kweli?"

"Basi huyo ndiye wa kurudishwa gredi ya kwanza!" Redio akasema.

Crispus akanywa kahawa yake, imeshapoa. "Afisa huyo naye alinijia wa mwisho, wenzangu wote wameshaondoka. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akasema, 'Mwalimu, mwanangu naye yuko gredi ya sita, hajui kusoma. Nimlete Jumanne?'"

"Ukamjibu nini?"

"Amlete. Ila yeye mwenyewe aketi dawati la nyuma, anyamaze, na akitaka kusema anyooshe mkono."